Barua kwa mwanangu: hiyo fomu usiitie sahihi

Umoja, Nairobi

Mama, binti yangu,

Huku hatujambo, ila goti la mama yako, na hilo nitakuja kulisema. Nimeamua kuandika badala ya kupiga kwa sababu nikipandisha sauti kidogo tu unasema mtandao ni mbaya, halafu nabaki naongea na dirisha. Barua utaisoma hadi mwisho, hata kama ni kwa hasira.

Jumapili nilikuwa kwenye simu na mwanao, huyo mjukuu na mume mwenzangu, anayemwita nyanya yake bibi yake mbele ya macho yangu bila haya. Akaniambia, kwa hicho Kiswahili chake cha kubahatisha, kwamba baba yake anamwombea leseni ya bunduki. Nikamwambia rudia. Akarudia, tena kwa furaha: leseni yake mwenyewe, yenye jina lake. Mtoto wa miaka tisa. Wewe ulikuwa nyuma yake unakunja nguo, nilikuona, na hukuinua hata kichwa.

Kwa hivyo ulijua. Jambo la namna hiyo nilipaswa kulisikia kwako. Ulipopata kazi ya unesi kule England ulipiga simu saa tisa usiku ukatuamsha wote, na jirani pia. Hili ukalinyamazia.

Mume wako sina neno naye. Mkwe hajanikosea hata siku moja, na mimi sitaki kumkosea, ndiyo maana haya nakuandikia wewe wala si yeye. Najua babake ana shamba, najua ndege wao wa kuwindwa wana msimu wao, na najua bunduki zinafungiwa kwenye kabati la chuma lililokazwa ukutani. Sisemi ni watu ovyo. Nasema fomu ya hiyo leseni usiitie sahihi.

Nilimwomba mdogo wako anitafutie sheria yao, akanifasiria pale Kiingereza chao kilipojikunja. Huku nilidhani mtoto ametia chumvi. Kumbe hajatia. Kwa bunduki ya marisau, hii ya kuwindia ndege, England, Wales na Scotland hazijaweka umri wa chini wa mtu kupewa leseni. Kwa zile za risasi kubwa mojamoja ni miaka 14, lakini kwa ya marisau polisi wakiridhika tu, hata mtoto wa chekechea hajazuiwa na tarehe yake ya kuzaliwa. Leseni ni ya miaka 5. Kununua hawezi mpaka afike 18. Na kabla ya 15 haruhusiwi kuwa nayo ikiwa imeunganishwa, labda iwe imefungwa ndani ya mfuko wake, au mtu wa miaka 21 na zaidi awe anamsimamia.

Najua mkwe atasema, unaona Baba, ulinzi umekamilika. Haya, piga hesabu na mimi. Akipewa sasa akiwa na 9, inaisha akiwa na 14. Wataihuisha, kwa sababu mtoto aliyekaa nayo miaka mitano bila kosa watamnyima kwa lipi? Mwaka unaofuata anatimiza 15, na siku hiyo yule mtu mzima wa kusimama kando yake sheria haimtaki tena. Anaweza kutoka peke yake, bunduki begani, kihalali kabisa, na labda asubuhi hiyo amenyang'anywa simu au kuna msichana amemcheka. Wavulana wa miaka 15 unawajua. Umelelewa na kaka wawili nyumba moja.

Lililonikosesha usingizi ni hili lingine. Huko England mtoto ambaye hajafika miaka 10 hawezi kushtakiwa kwa jinai. Huku kwetu Sheria ya Watoto ya 2022 imeupandisha umri huo hadi 12. Maana yake ni kwamba serikali inakubali mtoto wako, leo hii, hawezi kubebeshwa lawama ya alilolitenda. Halafu serikali hiyohiyo imwandikie cheti cha silaha! Sisi polisi kazini tulifundishwa kwamba leseni ni ahadi: mtu huyu tumemchunguza, na likitokea la kutokea tutamuuliza yeye. Mwishoni mwa 2018 hapa Kenya raia wote wenye leseni za bunduki walisimamishiwa, wakaambiwa waje wapigwe msasa upya. Watu wazima hao, wengine na mvi zao. Sasa wa miaka tisa ataitwa aulizwe nini?

Na kama ni lazima mtu mzima asimame kando, basi leseni ni ya huyo mtu mzima. Ya mtoto ni ya nini? Mdogo wako amesoma kwamba kuna viwanja vya kulenga visahani vya udongo, vyenye kibali cha polisi, ambako mtu anafyatua bila kuwa na leseni yake. Ampeleke huko Jumamosi. Wakale chipsi warudi. Sikatai mtoto kujifunza.

Kweli sikatai. Nimewafunza makurutu miaka mingi, na walioniogopesha ni wale ambao hawakuwahi kuigusa bunduki, walioijua kwenye sinema tu. Aliyefunzwa mapema na mtu mwenye subira huwa na mkono mtulivu, na hapo mkwe ana haki yake. Lakini makurutu wangu hakuna aliyekuwa chini ya 18, na bado sikuwaamini. Zamu ikiisha unachomoa magazini, unavuta, unatazama chemba, kisha unaingiza kidole kidogo mle ndani, maana macho hudanganya saa za jioni. Risasi zinamwagwa mezani zinapangwa tanotano. Ikipungua moja, hakuna anayekwenda kulala, kambi nzima. Mtu mwenye mshahara, mke na watoto, na serikali haikumwamini alale na hicho chuma.

Yaliyowapata polisi wenzetu waliouawa kwa kuviziwa Bonde la Suguta, kaskazini, Novemba 2012 unayajua, ulikuwa umekaa na mimi mbele ya televisheni. Nilitaka kukuambia juu ya mtoto mmoja tu, wa kabla ya hapo, nilipokuwa kaskazini. Alikuja kambini kuomba maji. Mchungaji, kimo cha huyu wako, AK-47 begani, kamba ya katani badala ya mkanda. Nikampa kikombe. Akakishika kwa mkono wa kushoto, akanywa chote, akajifuta mdomo kwa bega, na muda wote huo kidole cha kulia hakikutoka kwenye kifyatulio. Hakuwa mkorofi. Alisema asante vizuri sana. Ndivyo tu alivyozoea kuishika, kama wewe ulivyozoea kalamu masikioni wakati wa mitihani. Mkwe atasema huyo hakuwa na leseni. Ni kweli, hakuwa nayo. Lakini mazoea ya mkono wa mtoto hayasomi karatasi.

Na lile la kule laini, kwenye nyumba za polisi, siku kaka yako alipotangulia kuingia chumbani kabla yangu, siliandiki. Unalikumbuka kuniliko. Nalitaja kwa sababu najua ukijibu utaanza nalo, na una sababu.

Usiniambie polisi wa kule ni makini. Agosti 2021, mtaa wa Keyham huko Plymouth, kijana wa miaka 22 aliua watu 5, mmoja wao mtoto wa miaka 3, kwa bunduki ya marisau hiihii, na leseni alikuwa nayo. Polisi walikuwa wameichukua bunduki yake na leseni yake, wakamrudishia mwezi mmoja kabla. Walisoma faili wakaona anafaa. Nimekaa upande huo wa meza, nakuambia faili haina macho. Waingereza wenyewe wanajua kufunga mlango wakitaka: baada ya watoto 16 na mwalimu wao kuuawa shuleni Dunblane mwaka 1996, mwaka uliofuata walipiga marufuku bastola za raia. Mbona mlango huu wa watoto umeachwa wazi, sielewi. Huku kuwinda wanyama kulikatazwa tangu 1977.

Halafu kuna ya Marekani. Oxford, Michigan, Novemba 2021: mvulana wa miaka 15 aliwaua wanafunzi wenzake 4 kwa bastola ambayo babake alimnunulia siku chache tu kabla. Mwaka 2024 baba na mama, wote wawili, walihukumiwa kifungo cha kati ya miaka 10 na 15. Mama pia, unasikia? Nimesoma hiyo nikakaa kimya, mama yako akaniuliza nimefiwa na nani. Fomu ya mtoto wa chini ya miaka 18 huko kwenu inataka ridhaa ya mzazi. Ikiwa mkwe atatia yake, atie. Yako isiwepo. Wewe umeshona vidonda vya watu usiku na mchana, unajua risasi inaacha nini kwenye nyama. Hukusomea hivyo ili uje kutia sahihi.

Mama yako anasema niache kelele kwa sababu bunduki ya kwanza ya huyo mtoto ni ile ya plastiki ya soko la Gikomba, iliyotoka ndani ya begi langu mlipokuja Krismasi. Ile ilikuwa inatoa taa nyekundu na kulia kama king'ora. Sio kitu kimoja. Lakini hata hiyo kama bado ipo, itupeni.

Mwambie mume mwenzangu kwamba babu hajakasirika naye. Akitaka kulenga shabaha, akija tutatundika kopo kwenye mwembe kule mashambani na atalenga kwa kombeo mpaka mkono umuume. Mimi mwenyewe sijaliangusha hilo kopo siku nyingi.

Goti la mama yako limevimba tena. Kliniki walitaka usajili wa SHA, bima ya afya ya serikali, usajili upo, mtambo wao ukawa chini, tukalipa mfukoni. Daktari ameandika dawa za mwezi mmoja, na amemkataza kupanda ngazi, sijui anataka tuingie nyumbani kupitia wapi. Mpangaji wa chumba cha nyuma amelipa nusu, anasema nusu nyingine tarehe 10. Maji ya kanjo yanakuja Jumanne tu, na lile tangi jeusi limepasuka chini karibu na bomba, fundi ameliziba mara mbili kwa gundi na linavuja palepale. Naona tununue jipya la lita 1,000 badala ya kumlipa tena.

Pesa za tangi ukizipata usimtumie mdogo wako, tuma moja kwa moja kwa mama yako. Na unijibu hilo la fomu kabla ya kunijibu la tangi.

Baba yako