Anayedai deni aonyeshe mkataba

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie wakusanyaji madeni wanaowadai watu fedha wasizokopa. Mwezi uliopita, nikiwa napanga ndizi kwenye meza yangu soko la Mbuyuni, hapa Moshi, nilipigiwa simu na mtu aliyesema nadaiwa Sh 186,000 na kampuni ya mikopo. Sijawahi kukopa kwa kampuni hiyo. Nilipoomba kuona mkataba, alinitukana. Jioni katibu wa kikoba chetu na mama mkwe wangu walitumiwa picha yangu yenye neno “TAPELI”. Mama mkwe haoni vizuri. Ujumbe ule alisomewa na mjukuu wake wa darasa la tano. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Anayedai ndiye anayepaswa kuthibitisha deni, si anayedaiwa. Benki Kuu ilifanya vizuri mwaka 2024 ilipozipiga marufuku programu 69 za mikopo zisizo na leseni, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo. Lakini kina mama wengi sokoni hulipa wasichodaiwa ili kunusuru heshima, na hao watu wanalijua hilo.

Naiomba Benki Kuu imlazimishe kila mkusanyaji atoe mkataba na mchanganuo wa deni kwa maandishi kabla ya kumpigia mtu simu, na anayesambaza picha za watu anyang’anywe leseni. Wenzangu nao wasitume hata shilingi elfu moja ya “kupunguza”. Watunze ujumbe wote na waupeleke polisi.

Muuza ndizi,
Moshi