Kisa kilichohamia kwa Luka

Mpendwa Neema,

Salamu nyingi. Natumaini wewe na watoto hamjambo. Sisi huku tu wazima.

Umeniuliza kwa nini kisa cha mwanamke aliyefumaniwa akizini, Yohana 8, kimetiwa mabano katika Biblia nyingi. Ni kwa sababu nakala kongwe kama Codex Sinaiticus na Codex Vaticanus, za karne ya 4, hazina kisa hicho. Lakini mimi nakuandikia hasa habari za nakala za baadaye, ambazo wengi huzipita bila kuzitazama.

Mwaka 1868 William Hugh Ferrar, profesa wa Kilatini huko Dublin, alitambua kwamba nakala nne za Injili kwa Kigiriki, zilizotawanyika Paris, Leicester, Vienna na Milan, ni za ukoo mmoja. Ziliandikwa kati ya karne ya 11 na ya 15. Ndani yake yule mwanamke hayupo kwa Yohana. Yupo kwa Luka, mwishoni mwa sura ya 21! Mnakili mmoja angeweza kukihamisha kisa kwa fikra zake, lakini wanne, walioachana kwa karne kadhaa, wakiweke pale pale? Lazima chimbuko lao ni nakala moja ambayo leo haipo. Wataalamu wengi huielekeza kusini mwa Italia, maana kalenda za baadhi ya nakala hizo zinawataja watakatifu wa Calabria.

Ile ya Leicester ndiyo changa kuliko zote, kurasa nyingine za ngozi, nyingine za karatasi. Hata hivyo imebeba maneno ya zamani kuliko yenyewe, ndiyo maana nasikitika mtu akiitupa kwa sababu ya umri wake tu.

Ferrar alifariki kabla ya kuchapisha. Kazi ile yote ya kulinganisha neno kwa neno ilitolewa na mwenzake, T. K. Abbott, mwaka 1877. Huniuma kila nikiikumbuka.

Sasa fungua Luka 21:37-38: Mlima wa Mizeituni, hekalu, watu wanaokuja asubuhi na mapema. Kisha soma Yohana 8:1-2. Wapo wanaosema kisa kilihamishwa kufuata mpangilio wa masomo ya ibada. Mimi naona kufanana huku nako kulichangia. Wasomee wenzako kwenye kipindi cha Biblia, uniandikie wamesemaje.

Wako,
Rehema