Kinyama kimoja, bili mbili: tunajieleza

Wiki hii tena mteja ametuambia sisi wa maabara tumemla hela. Alilipia kipimo cha kinyama kilichokatwa kwenye mlango wa kizazi, siku ya tano tukampigia simu kwamba vinahitajika vipimo vya ziada. "Si mmeshakiona? Semeni tu ni kansa au si kansa." Dada yetu, hofu ya kusubiri majibu tunaijua. Ila tungekujibu siku ile, tungekuwa tumebahatisha.

Kinyama chake kilikuwa kama punje ya haragwe, rangi ya zambarau iliyoiva. Kwenye hadubini tukakuta vijishimo vingi vimejaa damu. Mara nyingi hiyo ni hemanjioma, uvimbe wa mishipa ya damu usio wa saratani, na mlango wa kizazi ni mahali unapoonekana kwa nadra sana. Lakini ipo angiosakoma, saratani ya mishipa hiyohiyo, adimu zaidi, nayo huweza kufanana nao kwa macho ya haraka. Kwa hiyo tunatazama seli zilizotanda ndani ya mishipa: zimelala bapa, au zimevimba, zimepandana na zinagawanyika ovyo? Pakiwa na shaka tunarudi kwenye bloku ya nta tuliyogandishia kinyama, tunakata vipande vipya, tunapaka vialama vya kutambua aina ya seli: CD31 na ERG kuthibitisha kuwa seli ni za mishipa, D2-40 tukishuku ni mishipa ya limfu. Kila kialama kina dawa yake, slaidi yake, na slaidi nyingine ya kulinganishia. Bili ya pili ndiyo hiyo.

Kinachotuuma hasa ni njia ya mkato. Mama mmoja alituletea kinyama kwenye kichupa cha asali kilichojaa maji ya bomba, siku ya tatu tangu akatwe. Tulipofungua, harufu ilijaza chumba. Seli zilikuwa zimeoza, hakuna cha kusoma, ikabidi akatwe upya. Fomalini, dawa ya kuhifadhia nyama, ya asilimia 10, ujazo wake mara kumi ya kinyama, ingemgharimu kidogo mno kuliko safari ya pili ya chumba cha upasuaji. Maji hayahifadhi nyama, na shashi kavu ni mbaya vilevile.

Wengine huomba kidude kinyofolewe palepale kliniki. Tumewahi kupokea kinyama cha aina hiyo huku mwenyewe amelazwa, amejazwa shashi kuzuia damu. Uvimbe wa rangi ya bluu au zambarau, unaopauka ukibonyezwa, ufanyiwe kwanza ultrasaundi ya dopla ionyeshe damu inavyopita. Kipimo cha siki pekee, kile cha kupaka siki mlango wa kizazi kutafuta dalili za saratani, hakitoshi hapa. Siki husomwa kwenye ngozi ya juu, na mishipa hii huweza kuwa chini yake.

Yule dada majibu yake yametoka: hemanjioma. Bloku yake iko kabatini kwetu. Daktari wake akitaka maoni ya maabara nyingine, aje aichukue, hatutamtoza chochote.