Utamaduni usiishie kwenye bendera na vyakula

Mhariri,

Vitabu vingi vya Kiingereza vya sekondari husukumia utamaduni mwishoni mwa sura: bendera, sikukuu mbili, picha ya chakula, basi. Mwanafunzi hukariri, hufaulu, kisha humwandikia mtu asiyemjua "I want you to send me". Sarufi haina kosa, ila aliyeandikiwa anaona ameamrishwa. Na hapo ndipo penye hatari: kosa la sarufi husamehewa ugenini, lakini kosa la adabu huhesabiwa kuwa ndiyo tabia ya mtu.

Kipindi cha dakika 40 kinatosha kulifanyia kazi. Wanafunzi wakae watatu watatu. Wawili waigize ombi la kuongezewa muda wa kukamilisha kazi. Wa tatu anyamaze, aandike. Kadi ya mmoja iseme kwamba kwao heshima ni kueleza sababu kabla ya kuomba. Ya mwenzake, kwamba kuzungukazunguka ni kumpotezea mtu muda. Wasionyeshane. Nchi zisitajwe kwenye kadi, maana ukiandika taifa utaletewa vichekesho vya taifa hilo.

Mtazamaji achore safu tatu: nilichoona au kusikia, maana zisizopungua mbili zinazowezekana, na nilivyojisikia. Tarajia "alikuwa na kiburi" katika safu ya kwanza. Hiyo ni hukumu tayari. Kilichoonekana ni kwamba mmoja alijibu kabla mwenzake hajamaliza sentensi. Mwalimu amrudishie daftari arekebishe mwenyewe, hata kama muda unabana.

Dakika 10 za mwisho ziachiwe lugha: ombi lilelile liandikwe kwa rafiki, kwa mwalimu na kwa mtu asiyefahamika. Bila hatua hii somo limegeuka uraia. Na katika mjadala, mwanafunzi wa jamii yenye watu wachache asifanywe msemaji wa jamii yake yote.

Wanaodai kwamba stadi hizi hazipimiki watazame viwango vya lugha vya Baraza la Ulaya vya 2001, hasa nyongeza yake ya 2020, yenye vipimo vya mawasiliano kati ya tamaduni. Kwa kuwa walimu hufundisha kinachotahiniwa, watunga mitihani waanze na swali la barua: kati ya alama 20, 5 ziwe za kumfaa msomaji aliyetajwa, tofauti na alama za sarufi.

Walimu wa Kiingereza, sekondari