Barua ya kufunga muhula wa kwanza

Ofisi ya Mwalimu Mkuu

Kwa wazazi na walezi wote,

Hamjambo? Leo tunafunga muhula, na barua hii ameibeba mtoto wako pamoja na ripoti yake. Ikiwa ndiye anayekusomea, mwache asome polepole mpaka mwisho. Akikwama kwenye neno, tafadhali asikaripiwe.

Nianze na ya kawaida. Tarehe ya kufungua imeandikwa chini ya ripoti, pamoja na salio la pesa za chakula. Mwenye mahindi au maharagwe badala ya pesa aje tuzungumze, mlango wangu uko wazi. Watoto wa Gredi ya 6 wasiache vitabu vilale sandukuni likizo nzima. Hayo yanatosha.

Jambo lililonifanya niandike barua ndefu kuliko desturi yangu ni ule mstari wa mwisho kwenye ripoti, unaosema "Sahihi ya mzazi au mlezi". Ripoti za muhula uliopita ziliporudi nilikaa nazo ofisini hadi giza likaingia. Nyingi hazikuwa na sahihi bali alama ya kidole gumba, na nyingi za alama hizo ni za nyanya. Nawajua. Ni nyanya wanaolea wajukuu watatu, wanne, na wengine si wajukuu hata kidogo, ni watoto wa jirani aliyefariki. Mmoja wenu alinambia akiwa ameinamisha macho, "Mwalimu, mimi si mzazi wake, nimemshika tu." Hilo neno "tu" limenikaa moyoni muhula mzima.

Basi naomba niwakumbushe Mama Sarah wa Kogelo, wa hapa hapa Siaya, aliyetutoka tarehe 29 Machi 2021 akiwa na miaka 99. Dunia ilimjua kama nyanya yake Barack Obama, Rais wa 44 wa Marekani. Wengi hawajui kwamba hakumzaa baba wa rais huyo. Mama Sarah alikuwa mke wa tatu wa Mzee Hussein Onyango Obama, na kijana yule alizaliwa na mke mwenzake, Habiba Akumu. Habiba alipoondoka katika ndoa ile, mtoto akabaki mikononi mwa Sarah. Naye angeweza kusema kwamba amemshika tu.

Yeye mwenyewe hakupelekwa shule utotoni. Aliwahi kusimulia kwamba hata alipokuwa mtu mzima barua zilikuwa zikifika nyumbani, naye hawezi kuzisoma. Hakutaka watoto wa boma lake waishi hivyo. Kwa hiyo alimpakia kijana kwenye baiskeli akamwendesha kutoka Kogelo hadi Ngiya, karibu kilomita 9, kila siku ya shule. Mnaoijua njia ile hebu ifikirieni. Bodaboda hazikuwapo. Mwanamke anakanyaga pedali, nyuma yake ameketi mtoto wa mke mwenzake, na jioni ni njia ile ile. Mwaka wa 1959 kijana huyo alipanda ndege kwenda kusoma Chuo Kikuu cha Hawaii, na baadaye akaingia Harvard.

Baada ya Obama kuchaguliwa rais mwaka wa 2008 wageni walimiminika Kogelo, na heshima yake ikawa ya kimataifa. Mimi sioni ubaya katika heshima hiyo. Ila ninapomfikiria, sifikirii Ikulu ya Marekani. Naifikiria ile baiskeli, maana kazi ilifanyika miongo mingi kabla ya wageni, bila mtu wa kumpigia makofi.

Uzee haukumsimamisha. Ukimwi ulipolipiga eneo letu la Nyanza na kuacha watoto bila baba wala mama, aliwachukua baadhi yao wakakaa naye nyumbani kwake. Wakfu aliouanzisha uliwatafutia mayatima chakula, sare, vifaa vya shule, matibabu na karo. Wasichana ndio aliowasemea zaidi, kwa kuwa ndio waliokuwa wakibaki nyumbani. Mwaka wa 2014, akiwa amepita miaka 90, alitunukiwa tuzo ya elimu katika Umoja wa Mataifa huko New York.

Hapa shuleni pia tunao wa namna hiyo. Yupo nyanya mmoja, na amenikataza kumtaja, anayefika alfajiri kuwasha moto wa uji kabla ya mimi kufungua ofisi. Mjukuu wake wa mwisho alimaliza hapa zamani. Hana mtoto darasani, hana mshahara, na mvua ikinyesha anakuja na kuni kavu amezifunga ndani ya gunia. Nilipomuuliza kwa nini bado anakuja, alinishangaa, akasema watoto bado wana njaa. Sikuwa na swali jingine.

Nimepitia rejista za mahudhurio pia, na lazima niseme nilichokiona. Watoto wanaolelewa na nyanya ni nadra kukosa shule. Waliokosa zaidi ni wasichana wa Gredi ya 7 na ya 8 wenye wazazi wenye nguvu zao, na walikosa siku ya soko, kwa sababu waliachiwa wadogo zao. Wazazi, nawasihi. Najua biashara ya soko ndiyo inayowalisha. Kama huna wa kumwachia mtoto mdogo, njoo unione tutafute njia pamoja, lakini binti aje darasani. Siku moja kwa wiki ikijumlishwa ni wiki nyingi kwa mwaka, na mwalimu hawezi kumrudishia.

La mwisho ni lenu nyinyi wa kidole gumba. Mwalimu wetu mmoja amejitolea kufundisha gumbaru, yaani kisomo cha watu wazima, hapa shuleni, kila Jumamosi saa nane mchana, kuanzia Jumamosi ya kwanza baada ya kufungua. Hakuna malipo. Tutatumia darasa la Gredi ya 6 kwa kuwa madawati yake ni makubwa na mtaweza kukaa vizuri. Daftari na kalamu zipo. Mwenye mjukuu mchanga aje naye mgongoni, hatutamfukuza mtu. Tutaanza na kuandika jina lako, ili ripoti ya muhula ujao uitie sahihi.

Nawatakia likizo njema na mvua ya kutosha.

Wenu katika kazi,
Mwalimu Mkuu