Barua kwa shemeji anayekuja Kigoma na maswali ya Dar

Shemeji yangu, habari za joto la huko. Dada kanitumia voisi ndefu kwamba mnakuja Kigoma likizo na swali lako la kwanza, kabla hata ya kuuliza pa kulala, ni "huko kuna mahali pa kula kweli?" Nikasema hili silijibu pembeni, nakuandikia hapa hadharani ili na wenzako wa Dar wanaodhani sisi tunaishi kwa dagaa mkavu tu wasome. Pa kula papo shemeji, tena pengi, ila utaratibu wetu sio wa kwenu. Nyie mnachagua mgahawa kwanza, mkishakaa ndio mnafungua menyu. Huku unauliza kwanza ziwani jana usiku kumetoka nini, halafu ndio unatafuta nani anakipika vizuri.

Na ziwa lina kalenda yake. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, ukitoka nje kwenye giza unaziona huko majini zimejipanga utadhani kuna mtaa. Mwezi ukiwa mkubwa zile taa hazina kazi, dagaa hawakusanyiki, kwahiyo siku za mbalamwezi wavuvi wengi wanapumzika na sokoni bei inapanda. Samaki wanaoitwa migebuka nao wanawafuata dagaa maana ndio chakula chao, dagaa wakiadimika na yeye mgebuka unamtafuta. Sasa mtu akija wiki ya mbalamwezi akakuta samaki wa kwenye friji anarudi Dar anasema Kigoma samaki wa kawaida tu, wakati angesubiri siku chache tu angekula mpaka alambe vidole.

Halafu hili la Juni. Najua mnategemea kuja mwezi huo watoto wakifunga shule, lakini 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulifungwa kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti, ni makubaliano ya nchi zote nne zinazolizunguka ziwa, sisi na Burundi na Kongo na Zambia, ili samaki wapate kuzaliana. Kwahiyo kabla hujakata tiketi za mwezi huo uliza kwanza mwaka huu ziwa limefungwa au liko wazi. Kama mnaweza kusogeza mpaka mwishoni mwa Agosti au Septemba mimi ningefurahi zaidi, Desemba mvua zinakuwa zimeshika na dagaa akinyeshewa anaharibika, huyo wa kuondoka naye mtamkosa.

Haya, mmefika. Mkija na treni mnashukia stesheni pale chini, jengo la Wajerumani, reli yenyewe ilifika hapa 1914, na pale pale mbele barabara ya Lumumba inapanda kwenda mtaa wa Mwanga. Usiangaike na hoteli siku ya kwanza. Panda mpaka Mwanga sokoni, ulizia mama lishe, utaonyeshwa mabenchi na masufuria, angalia wapi bodaboda na wabeba mizigo wamejaa ukae hapo hapo. Agiza mgebuka wa kukaanga na ugali wa muhogo. Mgebuka ni samaki mwembamba mrefu, anakuja na kichwa chake, usiombe uma, kula kwa mkono, ndimu na pilipili pembeni. Ugali wa muhogo unanata na ni mzito kuliko huo wa sembe mliouzoea, usiutafune tafune, kata tonge dogo, chovya, meza. Na kama kuna sombe, kisamvu hicho mnachokiita nyie, iliyoungwa na mawese usiiruke hata kama umeshiba. Mtu wa pwani akiona ile rangi nyekundu anaogopa, anauliza mafuta haya mbona hivi, ni ya michikichi shemeji, ndio ladha yenyewe ya huku, maharage bila mawese kwetu ni chakula cha hospitali.

Watoto wakigoma chipsi zipo, chipsi mayai zipo kila kona, wala msigombane nao.

Kuhe ndio wa siku mliyojipanga na hela. Ni samaki mkubwa, nyama nyeupe imeshikana, mifupa yake haisumbui, hata wale wajomba zangu wadogo watakula. Huyo usiwategemee mama lishe, nenda asubuhi mwaloni Kibirizi, pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, ukaone wanashusha nini, ukimpata nunua mzima mniletee nyumbani au muongee na mpishi wa hapo mlipofikia awakaangie. Hoteli za kilimani zenye kuona ziwa ni nzuri kwa kukaa, chakula chake mh. Kuna moja siitaji jina niliagiza samaki mchana, mezani kaletwa jua linazama, na bei yake ningelisha ukoo. Kwahiyo mkienda huko pigeni simu mapema muagize, au nendeni kunywa tu. Saa kumi na mbili jioni hivi unakaa na moja baridi yako unatazama jua linashuka nyuma ya milima ya Kongo, hiyo hata mimi mwenyeji sijaichoka. Ukitaka kelele na nyama choma rudi Mwanga, baa zipo. Pombe ya ndizi usiinunue kwa usiyemjua, subiri twende wote. Na maji ya watoto ni ya chupa au yaliyochemshwa, hapo sitaki utani.

Ujiji mtaenda tu maana dada atataka picha pale Stanley alipomkuta Livingstone 1871, sawa, pigeni picha, ila msiondoke na njaa. Ujiji ni mji wa zamani wa Waislamu, watu wanaamkia vitumbua na chapati, na jioni wazee wako barazani na kahawa ile chungu ya vikombe vidogo. Salimia kwanza, shikamoo zako zote, kaa, kunywa, sikiliza. Bia usiiulizie huko. Kama itakuwa Ramadhani kaeni mpaka magharibi, mgeni huku haachwi nje ya futari.

Siku ya kuondoka ndio twende tena Kibirizi kwa ajili ya dagaa. Akina mama wanaanika wengine juu ya chanja wengine chini mchangani, wewe chukua wa chanja hata kama anazidi bei, wa chini utaosha mpaka uchoke na bado kwenye meno unasikia. Shika kiganjani, awe mkavu anang'aa, asiwe na harufu ya kuchacha. Mawese nitakutafutia mimi, ila njoo na dumu lenye mfuniko wa uhakika na nailoni ya kufunga juu, maana yakimwagika kwenye buti ya basi na begi la mtu mwingine limo, konda atanipigia mimi sio wewe.