Risala ya Walimu na Wahudumu wa Afya ya Jamii kwa Mgeni Rasmi: Mtoto Mgonjwa Asiandikwe Mtoro

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa elimu na afya, wazazi, walimu wenzetu na wanafunzi,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha katika mkutano wa mwaka wa kikundi chetu, kinachowaunganisha walimu wa shule za msingi na wahudumu wa afya ya jamii. Tunakushukuru kwa kukubali kutusikiliza sisi tunaokutana na mtoto kila siku, wengine wetu darasani na wengine nyumbani kwao.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Jambo tunalolileta mbele yako linaanzia kwenye daftari la mahudhurio. Mwalimu akiita jina na kukosa jibu, huandika kwamba mtoto hayupo, na siku zikifuatana mtoto huyo huhesabiwa kuwa mtoro. Mhudumu wa afya anayepita nyumbani kwao humkuta amelala na homa, au anaharisha, au viganja vimepauka kwa upungufu wa damu unaoletwa na minyoo ya safura. Taarifa hizo mbili zinamhusu mtoto mmoja, lakini moja huenda idara ya elimu na nyingine idara ya afya, wala hazikutani. Tunaamini kwamba katika nchi zinazoendelea watoto wengi hupotelea katika pengo hilo.

Ushahidi wa jambo hili upo. Mwaka 1998 ulianza mradi wa kutoa dawa za minyoo katika shule 75 za msingi za Busia, magharibi mwa Kenya. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004 na wachumi Edward Miguel na Michael Kremer yalionesha kwamba utoro ulipungua kwa takriban robo katika shule zilizopata dawa, na kwamba hata watoto ambao hawakumeza vidonge walinufaika, kwa kuwa maambukizi yalipungua pale walipoishi na kucheza. Hata hivyo, utafiti huohuo haukuona alama za mitihani zikipanda. Sisi walimu tumelitafakari sana jambo hilo. Kidonge humrudisha mtoto darasani. Akirudi akakuta msongamano, uhaba wa vitabu na mwalimu aliyeelemewa, afya peke yake haitamfundisha kusoma. Anayetenga fedha za dawa na kusahau vitabu, au akatenga za vitabu na kusahau dawa, amefanya nusu ya kazi.

Tena, dawa bila vyoo ni kazi ya kurudiarudia, kwani mtoto aliyetibiwa huambukizwa upya baada ya miezi michache akiendelea kukanyaga udongo uleule uliochafuliwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Mtoto mchanga hupelekwa kliniki, hupimwa uzito na kupewa chanjo kwa ratiba. Akishavuka miaka 5 hatumwoni tena katika huduma za kinga, isipokuwa anapougua. Kuanzia hapo, mahali pekee anapoweza kufikiwa pamoja na wenzake ni shuleni. Hapo ndipo msichana anaweza kupata chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, ambayo tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani limekubali kwamba hata dozi moja inaweza kutolewa. Hapo pia ndipo anapokosa masomo wakati wa hedhi, iwapo choo hakina mlango wala maji. Azimio la Alma-Ata, lililotolewa na mkutano wa kimataifa wa afya ya msingi mwaka 1978, liliitaja elimu ya afya, maji safi, lishe na chanjo kuwa sehemu za afya ya msingi. Inasikitisha kwamba bado tunaviomba kimoja kimoja, katika ofisi tofauti.

Kwa hiyo tunaomba ofisi yako isimamie kuwepo kwa utaratibu mmoja, ambapo mwanafunzi asiyeonekana kwa siku tatu mfululizo atatembelewa na mhudumu wa afya kabla jina lake halijaandikwa katika orodha ya watoro. Tunaomba pia kila bajeti ya ujenzi wa madarasa ibebe ndani yake maji tiririka, sabuni na vyoo tofauti vya wasichana na wavulana. Kwa upande wetu, tupo tayari kuanza na madaftari tuliyonayo, kwa kuyalinganisha kila mwisho wa wiki, mwalimu na mhudumu wakiwa wameketi meza moja.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.